Jumamosi Niliyoalika Jiji Zima

Nilikuwa na miaka kumi na sita, kidato cha tatu, likizo ya Aprili, na nyumbani kwetu kulikuwa na mgonjwa. Naanza na mgonjwa kwa sababu ndiye niliyemsahau.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa nyanya yangu, mama yake mama, ambaye sisi Wakamba tunamwita susu. Aliletwa kutoka Makueni kupasuliwa jicho la kulia. Mtoto wa jicho alikuwa amelifunika miaka mingi, mpaka susu akawa anatambua watu kwa kikohozi na kwa namna wanavyoburuta miguu. Jicho la kushoto lilikufa zamani, alipochomwa na mwiba akikata kuni. Kwa hiyo lile la kulia ndilo lililobaki, na ndilo lililokuwa na tumaini.

Alipasuliwa Alhamisi. Ijumaa daktari akamwondolea bandeji, akamwekea kifuniko kidogo cha plastiki chenye matundu, miwani myeusi juu yake, na akatukabidhi chupa ya dawa ndogo kama kidole changu cha mwisho. Ikae kwenye friji. Tone moja kila baada ya saa nne. Asiiname, asibebe kitu, asisukumwe, na mtu yeyote asiliguse jicho.

Kesho yake, Jumamosi, wazazi wangu walipaswa kuwa Makueni. Binamu yangu alikuwa anaposwa na baba ndiye msemaji wa upande wetu. Mama alisita hadi dakika ya mwisho. Ijumaa hiyo alasiri alisimama mlangoni na mkoba begani, akaniangalia.

"Nikuachie susu, kweli?"

"Niachie, mum. Ni dawa tu."

Akaandika saa za dawa kwenye karatasi na kuibandika mlangoni mwa friji: saa mbili asubuhi, saa sita, saa kumi, saa mbili usiku. Wangerudi Jumapili.

Tuliishi Hurlingham, kwenye kichochoro kinachotoka Argwings Kodhek Road, katika jengo la zamani la nyumba sita. Sisi tulikuwa ghorofa ya kwanza. Chini yetu waliishi Masingasinga, mama mjane na mwanawe mtu mzima. Yule mama nilimwita Anti na nilimwogopa, kwa sababu mara mbili alikuwa amepanda kumwambia mama kwamba muziki wangu unatikisa vikombe vyake. Getini kulikuwa na mlinzi mmoja wa mchana ambaye jengo zima lilimwita soja.

Mimi na rafiki yangu wa mtaa wa Satellite tulikuwa tumepanga jambo letu tangu tuliposikia habari za safari hiyo. Tulijuana tangu darasa la sita. Watu kumi na wawili, saa nane hadi saa kumi na mbili jioni, soda, krisps, muziki, kila mtu arudi kwao kukiwa na mwanga. Yeye ndiye aliyetengeneza bango kwenye simu yake, maana alikuwa na mkono wa kuchora. Mimi ndiye niliyemwambia aongeze maneno "Hakuna wazazi". Tukalituma kwenye kikundi chetu, watu wakajibu kwamba watakuja. "Basi, tumetosha," aliniandikia.

Yeye alitosheka. Mimi sikutosheka.

Ijumaa jioni nilikuwa nimeketi ukingoni mwa kitanda cha susu nikingojea saa ya dawa ifike. Muhula mzima darasa letu halikuzungumza jambo jingine isipokuwa sherehe ya msichana mmoja wa Lavington, nani alikuja, nani alicheza na nani. Mimi sikualikwa. Pale kitandani nikafungua simu, nikaliweka lile bango kwenye stori yangu, wazi kwa kila mtu, pamoja na ramani ya kwetu. Kisha nikainua simu nikajirekodi nikisema, huku nikitabasamu, "Kesho kwetu. Kila mtu akuje!"

"Unaongea na nani?" susu akauliza.

"Na marafiki, susu."

Nilijiambia nitaitoa baada ya saa moja. Lakini watazamaji walifika arobaini, wakafika tisini, wakapita mia mbili. Mimi ambaye picha zangu zilipendwa na binamu zangu tu. Nilimtia susu tone lake la saa mbili, nikarudi kwenye simu. Nilipokuja kuitoa ile stori, saa tatu hivi zilikuwa zimepita. Ndani ya muda huo mtu fulani, mpaka leo simjui, alilipiga picha lile bango na kulitupa kwenye chaneli moja ambako vijana wa Nairobi hutangaziana sherehe za wikendi. Sikujua kwamba kuna chaneli kama hiyo.

Jumamosi saa sita nilimtia susu dawa vizuri kabisa. Nikamwambia kwamba vijana wa kanisa wanakuja kufanya mazoezi ya kwaya, kwa hiyo asishangae akisikia kelele, na ajifungie kwa komeo.

"Nijifungie kama mbuzi?" akasema. "Mimi siwaogopi watoto wa kwaya."

Nikaufunga mlango wake bila komeo. Rafiki yangu alifika saa saba na mfuko wa krisps. Saa nane wale kumi na wawili wakawa wamefika, wakiwa na haya kidogo kama watu waliovaa nguo mpya. Tukacheza. Kwa muda wa nusu saa ile ilikuwa sherehe niliyoitaka.

Halafu soja akanipigia simu.

"Kuna watu hapa wanasema wanakuja kwenu. Ni wengi kidogo."

"Wangapi?"

Nikamsikia akihesabu kwa sauti ya chini, kisha akaacha. "Njoo tu mwenyewe."

Nilishuka. Nje ya geti walisimama watu kama thelathini, na wengine walikuwa wakishuka kwenye bodaboda. Wengine walitoka Satellite, wengine Mutuini, wengine mjini. Mvulana mmoja alininyooshea simu yake. Bango letu lilikuwa pale, na jina la jengo letu chini yake.

"Niaje, ni hapa kwa sherehe, ama?"

Soja alikuwa ameshika kufuli. Alikuwa mtu wa makamo, na hakuwahi kunisemesha kwa ukali. "Niwafungie?" akaniuliza.

Hapo ndipo ningeweza kusema ndiyo. Nimekirudia kile kitambo mara nyingi, na sikumbuki kwamba kulikuwa na mtu aliyenilazimisha. Simu kadhaa zilikuwa zimeinuliwa, zinanirekodi, na wasichana wawili wa shule ya jirani walikuwa wananitazama kwa heshima ambayo sikuwahi kuipata kwa mtu.

"Waache hawa," nikasema. "Hawa tu. Ndio wa mwisho."

Wakaingia wakipiga vifijo. Nyuma yao wengine walikuwa wanakata kona kutoka barabarani, na geti halikufungika tena.

Kufikia saa tisa na nusu sikuwa naijua sura hata moja kati ya watu kumi niliokuwa nao karibu. Ngazi zilijaa. Sebule ilijaa mpaka watu wakapanda juu ya makochi, si kwa utundu, ila kwa kukosa pa kukanyaga. Kulikuwa na wanaume wenye ndevu, watu wazima kabisa. Mtu alikuwa ameleta spika kubwa kama sanduku la safari na muziki wetu ukamezwa. Mlango wa choo uling'oka bawaba. Harufu ya bangi ikatanda kwenye mapazia ya mama. Roshani ilikuwa imebeba watu wengi hivi kwamba nilipoona jinsi vyuma vyake vilivyopinda kuelekea nje, nilianza kupaza sauti, "Tokeni huko! Jamani, tokeni!" na aliyekuwa karibu nami akadhani naimba, akaimba nami.

Rafiki yangu alinivuta mkono. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nani aliwaambia hawa watu?"

"Sijui."

"Mpigie mamako."

"Usithubutu," nikamwambia. Nilikuwa bado naamini kuwa wataondoka wenyewe na kwamba nitafagia.

Kisha nikaiona saa ya ukutani. Ilikuwa saa kumi na dakika kumi.

Nilijipenyeza hadi jikoni. Friji ilikuwa wazi, taa yake inawaka, na haikuwa na kitu. Maziwa, soda, sufuria ya kitoweo cha susu, vyote vilikuwa vimetolewa. Mvulana aliketi sakafuni mbele yake, sufuria mapajani, anakula kwa mkono.

"Kulikuwa na chupa ndogo hapa. Dawa. Iko wapi?"

"Dawa gani? Na sisi tuonje?" Wakacheka.

Nikapiga magoti. Nilitafuta kwa mikono kati ya viatu, kwenye maji na makombo, na mtu akanikanyaga vidole bila kujua. Rafiki yangu naye akapiga magoti upande wa pili. Ndiye aliyeipata, chini ya jiko la gesi. Kifuniko hakikuwepo. Mdomo wa chupa ulikuwa umejaa uchafu na ndani hapakuwa na tone. Aliiinua akanionyesha.

Tukiwa bado tumepiga magoti, nikasikia kuimba. Si muziki wa spika. Ilikuwa sauti nyembamba ya mtu mzee, ikitoka upande wa vyumba, na chini yake makofi.

Sijui nilipitaje kwenye ile korido. Mlango wa susu ulikuwa wazi. Ndani walikuwa saba au wanane. Susu aliketi katikati ya kitanda na miwani yake myeusi, leso mabegani, mikono inapiga makofi taratibu, anaimba wimbo wa kanisani kwa Kikamba. Mbele ya uso wake kijana mmoja alishika simu, taa yake inawaka.

"Cheki shosho wa sherehe!" alikuwa anaiambia simu. "Tuko laivu, wasee. Shosho ndio DJ!"

Wengine walikuwa wamejifunika midomo kwa kucheka. Kwenye kioo cha simu niliona maandishi yakipanda, moja juu ya jingine, kwa haraka ya kutosomeka, na idadi ya watazamaji juu kabisa. Ilikuwa maelfu.

Susu alinitambua kwa mwendo, nadhani. Akaacha kuimba.

"Mwiitu," akasema, akimaanisha binti yangu, "hawa wenzako wa kwaya hawajui hata wimbo mmoja. Wameniomba niwafundishe."

"Tokeni," nikasema.

"Aah, poa basi. Tuone macho kwanza," akasema yule mwenye simu, na akanyoosha mkono kwenye miwani.

Nilimrukia. Sikuwahi kumpiga mtu maishani mwangu na sikujua jinsi ya kupiga. Niliangukia kifua chake kwa uzito wangu wote, yeye akarudi nyuma, akamgonga mwenzake, na yule mwenzake akaanguka kitandani akiwa ameinua kiwiko kujikinga. Kiwiko kikampata susu usoni.

Miwani iliruka. Kifuniko cha plastiki kikaning'inia kwenye gundi yake, kisha kikaanguka mapajani. Susu hakupiga kelele. Aliinua mkono polepole, akausimamisha karibu na jicho bila kuligusa, kama alivyoagizwa na daktari. Akauliza kwa sauti ndogo, kwa Kikamba, kumetokea nini. Aliuliza mara mbili. Simu ilikuwa bado inawaka.

Wale vijana walitoka, nadhani kwa hofu. Lakini kutoka kwao kuliwasukuma walio koridoni, nao wakasukuma kurudi, na mlango ukazibwa na migongo ya watu. Nilisimama mbele ya susu nimepanua mikono kila upande. Nilipiga mayowe na sikujisikia mwenyewe. Niliwaza kuhusu roshani, niliwaza kuhusu lile jicho, na kila mara migongo ilipojaa zaidi chumbani nilirudi hatua hadi magoti ya susu yakawa yananigusa nyuma ya miguu.

Rafiki yangu ndiye aliyetuokoa. Majengo yale ya zamani yana ngazi ya nyuma inayotokea jikoni, na yeye aliikumbuka. Alishuka akagonga kwa Anti. Alimwambia nini, hakuwahi kunieleza. Nilichoona ni kilemba kikija juu ya vichwa vya watu koridoni. Mwanawe Anti, mwanamume mrefu, alikuwa ameweka mikono yake miwili ukutani, huku na huku, na anasogea hatua kwa hatua, akiwarudisha watu kwa kifua chake tu. Nyuma yake, kwenye nafasi aliyoifungua, alikuja mama yake na ndara zake za nyumbani.

Aliingia akamtazama susu. Hakuniuliza habari za sherehe.

"Operesheni lini?"

"Alhamisi."

"Mimi pia nilifanyiwa hii. Usiguse. Hakuna mtu aguse." Akaokota kile kifuniko, akakitazama, akakitupa. Kisha akainama karibu na sikio la susu. "Mama, mimi jirani. Shika mkono yangu. Usiinamishe kichwa. Tunaenda polepole."

"Na wewe ni wa kwaya?" susu akauliza.

"Hapana, mama. Mimi ni wa nyumba ya chini."

Tulitoka kwa ngazi ya nyuma, Anti mbele, susu katikati, mimi nyuma nikimshika kiuno. Chini, mwanawe alikuwa tayari ameondoka kwenda kuleta gari. Anti akaniambia, "Piga simu kwa mama yako. Sasa. Mbele yangu."

Nilipiga. Nilisikia vigelegele vya wageni wa Makueni, kisha mama akasogea mahali pa kimya. Nikasema susu amegongwa jicho, tunaenda hospitali. Hakuuliza vipi. Alisema, "Tunakuja," akakata.

Rafiki yangu alisimama kwenye mlango wa ngazi. "Wewe enda naye," akaniambia. "Mimi nitabaki niangalie nyumba. Hatuwezi kuiacha hivi."

Nikamwacha. Nikaingia garini.

Hospitalini susu aliingizwa ndani nami nikabaki kwenye benchi na Anti, ambaye alikuwa amesahau kubadilisha ndara. Simu yangu ilitetemeka mfukoni mfululizo. Nilidhani ni mama. Walikuwa wanafunzi wenzangu, watu ambao hawakuwahi kufika kwetu, wananitumia video. "Umeona huyu shosho?" Mmoja aliandika kuwa amecheka hadi machozi. Hawakujua ni nani kwangu. Niliizima.

Daktari, mwanamke kijana, alitoka akatuambia kidonda kimefunguka kidogo na kuna damu ndani ya jicho. Angelazwa, angerudishwa chumba cha upasuaji. "Mengine tutangoja tuone," akasema.

Kama saa kumi na mbili rafiki yangu alikuwa bado nyumbani kwetu. Hayo niliyajua jioni hiyohiyo, soja alipompigia Anti simu pale hospitalini. Polisi walipofika, watu waliruka ukuta, waliteleza kwenye mabomba, walijaza kichochoro, na ndani ya robo saa jengo likawa tupu. Wakampata msichana mmoja sebuleni, ana ufagio mkononi. Wakamuuliza kama hapa ni kwake, akasema hapana. Wakamuuliza kama analijua hili bango, akasema ndiyo, ni yeye aliyelitengeneza. Wakamchukua. Mamake aliitwa kutoka Satellite kwenda kumtoa kituoni.

Wazazi wangu walifika hospitalini saa mbili kasorobo, baba akiwa bado na suti ya uposo na ua kifuani. Mama aliingia moja kwa moja kwa susu. Alipotoka alikuja kusimama mbele yangu.

"Nani aliwaita wale watu?"

Nilikuwa tayari nimesikia habari za kituo cha polisi. Nilimtazama kifuani, si machoni.

"Ni yule rafiki yangu wa Satellite ndiye alitengeneza bango," nikasema.

Kila neno katika sentensi hiyo lilikuwa kweli. Nadhani ndiyo sababu ilinitoka kwa wepesi.

Hakuna aliyeniuliza tena. Baba aliongea na mamake rafiki yangu kwa simu, kwa adabu ya baridi, na nikamsikia akisema tumwombe Mungu jicho lipone, kwa ajili yenu na yetu. Rafiki yangu alinyang'anywa simu na kupelekwa kwa shangazi yake kumalizia likizo. Kwenye kikundi chetu watu walimwandika vibaya, wakamwita msaliti, muuza nyumba za watu. Mimi sikuandika chochote. Nilifua mapazia, nilisugua zulia, nilimwomba msamaha Anti, nilimsomea susu Biblia aliporudi. Nilikuwa mtoto mwema kupita siku zote, na usiku nilikuwa nachomoa nywele zangu moja moja.

Siku kama kumi baadaye nilimpeleka susu kliniki. Tulipokuwa tunangojea dawa, msichana aliyekuwa kwenye foleni alimtazama, akamtazama tena, akamgusa mwenzake.

"Si huyu ni shosho wa sherehe?"

Susu alisikia. Alingoja mpaka tulipofika nyumbani nikamketisha kwenye kiti chake.

"Kwa nini yule msichana ameniita hivyo?"

"Susu, achana naye."

"Nimekuuliza."

Nikamweleza kwamba kuna video. Alifikiri kidogo. Akaniomba nimwekee.

"Huwezi kuiona, susu."

"Masikio ninayo."

Nikaitafuta. Haikuwa vigumu kuipata. Mwanawe Anti alikuwa ameiripoti kila mahali alipoweza na baadhi ya nakala zilitolewa, lakini watu walikuwa wameinakili. Nikaishika simu karibu na sikio lake. Alisikia sauti yake mwenyewe ikianza wimbo, na kwa sekunde chache midomo yake ilifuata maneno. Halafu akasikia vicheko. Midomo ikasimama. Alisikiliza hadi mwisho, hadi pale anapouliza mara mbili kumetokea nini, na kelele, na simu inazimwa.

"Walikuwa wanacheka nini?"

Niliiweka simu mapajani.

"Mimi nilidhani wanafurahia," akasema.

Nililia hadi nikashindwa kupumua. Yeye hakunibembeleza. Nilipotulia alisema, "Ile Ijumaa uliniambia unaongea na marafiki. Lakini nilikusikia ukisema kila mtu aje. Nimengoja uwaambie wazazi wako. Yule msichana mwenzako, mamake alinipigia simu hospitalini kuniomba radhi. Mwanamke mzima, analia, ananiomba radhi mimi. Sikujua nimjibu nini."

Jioni hiyo niliwaambia wazazi wangu wakiwa wawili, wamesimama jikoni. Mama aliweka chini kisu alichokuwa anakatia sukuma wiki, akatoka nje. Baba alivuta kiti akaketi, akaniuliza maswali mafupi, moja baada ya jingine, kama mtu anayejaza fomu. Alipomaliza alisema, "Kesho tunaenda Satellite. Utasema wewe. Mimi sitakusaidia."

Mamake rafiki yangu alitufungulia nusu ya mlango. Alikuwa bado na nguo za kazi. Hakutukaribisha. Kwa hiyo nilisemea pale ngazini, majirani wakipita na ndoo za maji: kwamba stori ilikuwa yangu, ramani ilikuwa yangu, sauti ilikuwa yangu, kwamba soja aliniuliza nami nikasema waingie, na kwamba bintiye ndiye aliyemwokoa susu. Baba alisimama nyuma yangu na kofia mkononi.

Yule mama aliniacha nimalize. Kisha akamwangalia baba, si mimi. "Baba, mimi nilipiga mtoto wangu kwa sababu ya hii maneno," akasema. "Sijawahi kumpiga tangu azaliwe."

Rafiki yangu alikuwa amerudishwa kutoka kwa shangazi yake siku hiyo kwa ajili ya kufunguliwa kwa shule. Alikuwa amesimama nyuma ya mamake kwenye giza la korido, na nilimwona tu alipoongea.

"Umemaliza?"

"Ndiyo. Naomba—"

"Sawa. Enda basi."

Mlango ukafungwa taratibu. Siku hiyohiyo nilirekodi uso wangu na kuweka maneno yaleyale kwenye stori, wazi kwa kila mtu. Walioitazama walikuwa wachache sana, kama ishirini.

Jicho la susu lilipona, lakini si kama ilivyotarajiwa. Anaona mwanga, anaona rangi ya nguo, anaona kwamba mbele yake kuna mtu na si mti. Hawezi kutunga uzi kwenye sindano, na daktari alikuwa amesema ataweza. Nilimuuliza yule daktari kama ni kile kiwiko, au dawa iliyokosekana saa kumi. Alisema macho ya uzeeni huwa na mambo yake na kwamba hakuna wa kujua. Nimeishi na jibu hilo. Kuna siku linanipunguzia na kuna siku linanizidishia.

Kabla susu hajarudi Makueni, mlango wetu uligongwa Jumapili alasiri. Nilipofungua alikuwa rafiki yangu, amevaa nguo za kanisani. Alisema amekuja kumsalimu susu. Akanipita, akaenda kuketi karibu naye, na wakaongea muda mrefu, Kiswahili kilichochanganyika na Kikamba chake cha kubahatisha ambacho kilimchekesha susu. Mimi nilipika chai, nikawapelekea, nikarudi jikoni. Sikuitwa.

Alipotoka nilimwomba nimsindikize hadi stegi ya matatu. Hakukataa. Tulitembea Argwings Kodhek yote, magari yakipita, yeye upande wa ndani, mimi upande wa barabara. Gari la Satellite lilipokuja aliinua mkono kulisimamisha, akaweka mguu kwenye kipandio, kisha akageuka.

"Kesho kuna mtihani wa hesabu," akasema. "Umesoma?"

"Bado."

"Soma," akasema, akaingia.